Kuchemsha, klorini, chujio au jua: njia ipi ya kusafisha maji ya kunywa inaifaa nyumba yako?

Dumu la lita 20 limeshushwa mlangoni. Maji yake yametoka mtoni, au kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono, au kwenye bomba la mgao linalotoa maji siku mbili kwa juma. Kwa hesabu za pamoja za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2022 watu wapatao bilioni 2.2 walikuwa bado hawana maji ya kunywa yanayotimiza masharti matatu kwa pamoja: yapatikane pale pale nyumbani, yawepo yanapohitajika, na yasiwe na uchafu wa kinyesi wala kemikali hatari. Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliyatambua maji safi kuwa haki ya binadamu mwezi Julai 2010, lakini mabomba hayakufuata kwa kasi ya azimio, na mwenye dumu mlangoni analazimika kuamua leo ayafanye nini maji hayo kabla ya kuwapa watoto.

Njia ninazozilinganisha hapa ni zile ambazo kaya inaweza kuzitumia yenyewe: moto, klorini, machujio ya udongo na ya mchanga, na jua. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa kaya nyingi ambazo maji yao yanaonekana maangavu lakini yana shaka ya vijidudu, klorini ndiyo chaguo langu la kwanza. Sababu si kwamba inaua vijidudu vingi kuliko moto, kwa maana haifanyi hivyo. Sababu ni kwamba inaendelea kuyalinda maji baada ya mtu kumaliza kazi yake na kugeuka kufanya mengine. Ipo hata hivyo hali ambayo ningeiacha mara moja, na ipo nyingine ambayo njia zote nne hazina msaada wowote. Tuanze na hiyo ya mwisho.

Vijidudu au kemikali?

Uchafuzi wa maji ni wa aina mbili zisizofanana hata kidogo. Aina ya kwanza ni viumbe hai wanaotoka hasa kwenye kinyesi cha watu na wanyama: bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo, virusi vya kuharisha, na vimelea wengine wakubwa kidogo kama giardia na kriptosporidia. Aina ya pili ni kemikali: aseniki na floraidi zinazoyeyuka kutoka kwenye miamba, nitrati kutoka kwenye mbolea na mashimo ya vyoo, zebaki kutoka kwenye uchimbaji wa dhahabu, risasi kutoka kwenye mabomba na viwanda. Njia nne tunazozilinganisha zote ni silaha dhidi ya aina ya kwanza. Kuchemsha maji yenye nitrati, kwa mfano, huyafanya kuwa mabaya zaidi, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na nitrati hubaki pale pale ndani ya sufuria. Mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo ndiye anayeumia kwanza, kwa sababu damu yake hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo.

Macho na ulimi havisaidii kutofautisha. Mwaka 1854, wakati kipindupindu kilipoenea karibu na pampu ya Broad Street jijini London, daktari John Snow alimfuatilia mjane aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali na mtaa huo. Mjane yule alikuwa akiletewa chupa ya maji ya pampu ile kwa sababu aliipenda ladha yake kuliko ya maji mengine, na kipindupindu kikamuua. Bangladesh ilipata somo lake kwa njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya bomba kwa wingi ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyojaa vijidudu. Maji ya visima hivyo yalikuwa baridi na maangavu, na baadaye ikagundulika kwamba mengi yalikuwa na aseniki. Visima vilipopimwa vilipakwa rangi, chekundu kwa chenye hatari na kijani kwa kilicho salama, na mara nyingi kisima chekundu kilikuwa umbali wa mita chache tu kutoka kwa cha kijani.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaweka ukomo wa miligramu 0.01 za aseniki, 1.5 za floraidi na 50 za nitrati kwa lita moja, na viwango hivyo havijulikani bila kupima. Zipo dalili za kumwamsha mtu: watoto waliokulia katika maji yale yale wakiwa na madoa ya kahawia kwenye meno, machimbo upande wa juu wa mto, shimo la choo lililo karibu na kisima na juu yake kidogo. Kipimo kikithibitisha kemikali, usinunue klorini wala kuni, badilisha chanzo. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi la bati, baada ya kumwaga yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, mara nyingi ndiyo mbadala rahisi zaidi, nayo yakitibiwa dhidi ya vijidudu huwa yanafaa. Zipo mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana ambazo huondoa hata aseniki na floraidi, ila hudai umeme, matengenezo ya mara kwa mara, na humwaga sehemu kubwa ya maji zinayopokea. Mahali ambapo kila tone limebebwa kichwani, hasara hiyo haivumiliki.

Tope kwanza

Maji yenye tope huiharibu karibu kila njia. Chembe za tope huwaficha vijidudu wasifikiwe na dawa wala mwanga, huitafuna klorini kabla haijafanya kazi, na huziba machujio. Moto pekee haujali tope. Kwa hiyo anayechukua maji ya mto wakati wa mvua ana hatua moja ya ziada ambayo mwenye kisima kilichofunikwa hana: ayaache yatuame usiku kucha kisha ayamimine taratibu bila kutibua masimbi, au ayachuje kwa kitambaa, au ayasafishe kwa shabu au unga wa mbegu za mlonge, ambavyo hukusanya chembe na kuzizamisha chini.

Kitambaa hakistahili kudharauliwa. Utafiti ulioongozwa na Rita Colwell nchini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne vilipunguza kipindupindu kwa takribani nusu. Bakteria wenyewe ni wadogo mno kuzuiwa na nguo, lakini wale wa kipindupindu hujishikiza kwa viumbe wadogo waeleao majini, na hao ndio kitambaa kinaowanasa. Nguo kuukuu hufanya kazi vizuri kuliko mpya kwa kuwa nyuzi zake zimelegea na kuziba mianya. Lakini nusu ni nusu. Maji yaliyochujwa kwa nguo au kutuamishwa kwa mlonge yamekuwa maangavu tu, bado hayajawa salama, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kuishia njiani.

Moto na dawa

Kuchemsha ndiyo njia iliyozoeleka kuliko zote, na kwa nguvu ya kuua haina mpinzani. Bakteria, virusi na vimelea wote hufa maji yanapochemka kwa mtokoto, wengi wao hata kabla ya kufika nyuzi 100. Ushauri wa kawaida ni kuyaacha yatokote dakika moja, na dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako maji hutokota yakiwa na joto la chini zaidi. Kuyaachilia motoni dakika kumi au ishirini, kama wengi tulivyofundishwa na wazazi wetu, ni kuunguza nishati bure.

Nishati ndiyo tatizo lenyewe. Kuchemsha lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji takribani uniti 1.75 za umeme hata kama hakuna joto lolote linalopotea. Kwenye mafiga matatu yenye kuni, ambako sehemu kubwa ya joto huishia hewani, mzigo ni mkubwa mara nyingi zaidi. Hesabu hiyo irudiwe kila siku ya mwaka, uongeze moshi unaovutwa na anayepika na hatari ya mtoto kuvuta sufuria iliyojaa maji yanayotokota, ndipo utaelewa kwa nini kaya nyingi zinazosema huchemsha maji huyachemsha siku baadhi tu. Kuna pia kasoro isiyoonekana. Maji yakishapoa hayana kinga yoyote. Kata moja yenye mkono mchafu, au mtungi ambao haukuoshwa vizuri, na kazi yote ya moto inaanza upya.

Klorini ni kinyume cha moto karibu katika kila jambo. Ni rahisi, haidai kuni, na inatibu dumu zima kwa mara moja. Inaua bakteria vizuri sana na virusi vizuri, lakini kwa giardia nguvu yake ni ndogo, na kriptosporidia huipita kana kwamba haipo. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika si jambo dogo. Faida yake inaonekana saa chache baadaye. Klorini inayobaki majini baada ya nusu saa ya kwanza hukaa ikisubiri uchafu mpya. Kijidudu kikiingia kwa kata au kwa kidole cha mtoto, hukutana nayo. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoacha mlinzi ndani ya chombo.

Kipimo hutegemea bidhaa, na maelekezo ya kwenye kifungashio ndiyo ya kufuata. Aliye na dawa ya kung'arisha nguo tu, ambayo haina manukato wala sabuni na ina nguvu ya asilimia 5 hadi 6, anaweza kuitumia wakati wa dharura kwa matone 2 kwa kila lita ya maji maangavu, yaani matone 40 kwa dumu la lita 20, kisha akoroge, afunike, na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye ukungu huhitaji mara mbili ya hapo. Baada ya nusu saa, fungua mfuniko na uinamishe pua: harufu hafifu ya klorini iwepo. Isipokuwepo kabisa, dawa imekwisha nguvu au maji yameimeza yote, na kazi irudiwe. Dawa ya maji huisha nguvu upesi ikiachwa juani au kwenye joto, na chupa iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita haiaminiki; vidonge hudumu zaidi vikiwa bado kwenye karatasi zake.

Malalamiko ya ladha yana ukweli, na wanaoyapuuza hukosea. Watu wengi huacha klorini kwa sababu ya harufu, na mara nyingi harufu kali inatokana na mtu kuongeza kipimo kwa kudhani dawa nyingi ni usalama mwingi. Kuyaacha maji wazi kidogo baada ya nusu saa, au kuyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, hupunguza harufu hiyo, ingawa hupunguza na ile kinga tuliyoitafuta. Mtu achague kiasi anachoweza kukinywa kila siku.

Machujio

Chujio la udongo ni chungu kilichofinyangwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao au makapi, ambayo huungua tanurini na kuacha vitundu vidogo sana. Fernando Mazariegos alilibuni nchini Guatemala mwaka 1981, na baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998 lilienea Amerika ya Kati na kisha kwingineko. Hupitisha lita moja hadi tatu kwa saa, huondoa bakteria wengi na karibu vimelea wote wakubwa, hata kriptosporidia anayeishinda klorini. Virusi vingi hupenya. Ladha ya maji yake ni nzuri na ya ubaridi, hivyo watu hulipenda, na hilo lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Mimi lilinidanganya. Kwa miezi kadhaa lilikuwa likijaza ndoo ya chini upesi kuliko mwanzo, nami nikafurahi kwamba limezoea kazi. Siku moja nilipolizamisha likiwa tupu kwenye karai la maji, mdomo ukiwa juu, nikaona maji yakiingia ndani kwa mstari mwembamba ubavuni: lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na maji yote niliyokuwa nikinywa yalipitia humo. Chujio linalopunguza kasi limeziba na linahitaji kusuguliwa kwa brashi safi bila sabuni. Chujio linaloongeza kasi lina ufa na linahitaji kutupwa. Ufa huo hauzibiki kwa gundi.

Chujio la mchanga la nyumbani, lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary miaka ya 1990, ni sanduku la zege au plastiki lenye changarawe chini na mchanga mwembamba juu. Mchanga wenyewe hufanya sehemu tu ya kazi. Nyingine hufanywa na utando wa viumbe hai unaojijenga sentimita chache za juu, ambao hula vijidudu vinavyoingia. Utando huo huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa, na katika kipindi hicho maji yatibiwe kwa njia nyingine. Baada ya hapo linadai mambo mawili tu: maji yamiminwe kila siku au karibu kila siku, na kina cha sentimita 5 kibaki juu ya mchanga hata likipumzika. Usimimine maji yenye klorini humo, kwa kuwa utaua hao viumbe wanaokufanyia kazi. Halina kitu cha kununua tena, hudumu miaka mingi, na hutoa maji mengi kwa familia kubwa. Ila likijengwa halihami, na peke yake huacha bakteria wachache wanaohitaji kumaliziwa kwa klorini kwenye ndoo ya kupokelea.

Jua

Kwa asiye na kitu kingine, jua ni njia halisi. Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut waliionyesha kuelekea mwaka 1980, na taasisi ya maji ya Uswisi, EAWAG, ikaiendeleza. Jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zenye alama ya PET na zisizozidi lita 2, uzilaze juu ya bati kwa saa sita za jua, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu mengi. Kupima uangavu ni rahisi: simamisha chupa juu ya ukurasa wa gazeti na utazame kupitia mdomo wake, usipoweza kusoma kichwa cha habari, maji hayo hayafai kwa jua. Mvua ikinyesha siku nzima, hakuna maji. Na watu watano wanahitaji takribani chupa kumi juani na kumi nyingine zinazonyweka, kila siku, zisizo na mikwaruzo. Kwa mtu mmoja au wawili inawezekana. Kwa familia nimeona shauku ikiisha ndani ya wiki chache.

Nani achague nini

Kabla ya kuchagua kwa nguvu ya kuua, chagua kwa uwezekano wa kuendelea. Mwaka 2012 watafiti Joe Brown na Thomas Clasen walionyesha kwa hesabu kwamba pale maji yanapokuwa machafu sana, kaya inayotibu maji siku tisa kati ya kumi inaweza kupoteza karibu faida yote ambayo ingeipata kama ingetibu siku zote. Siku moja ya kuruka inatosha kuleta ugonjwa. Njia dhaifu kidogo inayofanyika kila siku inaishinda njia bora inayosubiri kuni zipatikane.

Mwenye bomba la mgao asidhani kwamba bomba limemtoa kwenye hesabu hii. Maji yanapokatika, msukumo ndani ya bomba hushuka, na maji machafu ya ardhini huvutwa kupitia nyufa. Lita za kwanza baada ya maji kurudi ndizo mbaya zaidi. Kwake klorini inatosha, na aanze kujaza baada ya maji kutoka kwa muda. Mwenye kisima kifupi au chemchemi yenye maji maangavu naye namshauri klorini. Anayechota mtoni palipo na tope mwaka mzima ningempa chujio la mchanga likifuatiwa na klorini, kwa sababu tope lingemmalizia dawa na subira. Anayehamahama, au aliyepanga chumba kimoja, achukue chujio la udongo au vidonge. Nyumbani mwenye mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, au mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa, hapo ndipo ninapoiacha klorini na kurudi kwenye moto, kwa kiasi cha wale wawili tu, lita mbili au tatu, ambazo kuni zake hupatikana. Wengine waendelee na dumu lao lenye dawa.

Na mlipuko wa kipindupindu ukitangazwa, anayechemsha aendelee kuchemsha na aongeze klorini ndani ya maji yaliyopoa, maana wakati huo hatari kubwa iko kwenye mikono.

Bado kimebaki chombo. Ndoo yenye mdomo mpana inayochotewa kwa kikombe huyarudisha maji mahali yalipotoka, hata kama asubuhi yalitokota mbele ya macho yako. Chombo chenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono, au ndoo yenye mfuniko na koki chini, hakigharimu sana, na ningeanza nacho kabla ya kununua chochote kingine. Kisafishwe kila wiki kwa maji yenye klorini, koki ikiwemo, kwa kuwa utelezi hujijenga ndani ya koki ambako jicho halifiki, na kiwekwe juu ya meza au kigoda ambako mbuzi na mtoto anayetambaa hawaifikii ile koki.